Kitambi hakikuja kwa wiki moja: namna ya kupungua taratibu mkiwa kikundi

Fundi wetu wa cherehani hapa Tabata ana daftari la vipimo la miaka mingi. Siku moja nilimpelekea kitenge cha sare ya harusi. Akanizungushia futi kiunoni, akanyamaza, akaanza kupekua kurasa za nyuma. "Dada, hii mara ya tatu naongeza," akaniambia kwa sauti ya chini, wateja wengine wasisikie. Ndani ya miaka sita kiuno changu kilikuwa kimetoka sentimita 84 hadi 101. Mizani ningeibishia, lakini mwandiko wa fundi ningeubishiaje?

Kikundi chetu kilizaliwa pale pale, juu ya meza ya kukatia nguo. Tuko saba: mimi, fundi mwenyewe ambaye naye kitambi kilishamtangulia, wifi yangu, mama wa genge, na majirani watatu. Mimi nilianza na kilo 89, na baada ya miezi 14 nikafika 78. Najua kuna matangazo yanayoahidi kilo 10 kwa siku 10. Haya ninayoandika siyo hayo.

Kabla hujaanza

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya aina ya glibenclamide asipunguze chakula kabla ya kuonana na daktari. Dozi ikibaki ile ile huku chakula kimepungua, sukari inaweza kushuka mno hadi mtu akaanguka. Dawa za presha nazo huenda zikahitaji kupangwa upya kadiri mwili unavyopungua. Mjamzito huu si wakati wake, na anayenyonyesha azungumze kwanza na wahudumu wa kliniki. Na ukiona unapungua bila kujaribu, usifurahi, nenda hospitali.

Hatua ya 1: Jipime, kisha andika

Vipimo vitatu vinatosha: uzito, kiuno na presha. Uzito upimwe asubuhi, ukitoka chooni, kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi, na mizani iwe ile ile kila mara. Hata ya yule kijana anayekaa nayo kituoni inafaa, mradi usihamehame. Ya kituoni kwetu ilikuwa inazidisha kilo mbili, na tulipomlalamikia kijana akainama, akazungusha kile kigurudumu, basi tukapungua wote kwa mkupuo bila jasho.

Kiuno kipimwe kwa futi ya fundi, katikati ya mwisho wa mbavu na mfupa wa nyonga. Toa pumzi kama kawaida, usilivute tumbo ndani, maana unayemdanganya ni wewe. Kwa wanawake hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari huanza kupanda kuanzia sentimita 80, na ikifika 88 imeshakuwa kubwa. Kwa wanaume ni 94 na 102.

Ukitaka kujua uzito wako umesimama wapi, chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mimi nina mita 1.60, yaani 1.60 mara 1.60 ni 2.56. Gawanya 89 kwa 2.56, unapata karibu 35. Kuanzia 18.5 hadi chini ya 25 ni uzito wa kawaida, 25 na kuendelea ni uzito uliozidi, 30 na kuendelea ni unene uliopitiliza. Kwa hiyo mimi sikuwa "nimejaaliwa" kama walivyokuwa wakinifariji ukweni.

Lengo la kwanza lisiwe kurudi ulivyokuwa siku ya ndoa. Liwe asilimia 5 ya uzito ulionao leo. Kwangu ilikuwa kilo nne na nusu. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini kwa watu wengi presha na sukari huanza kutulia hapo hapo. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, kilo moja ndio mwisho. Wiki mbili za kwanza unaweza kushuka zaidi ya hapo, ila sehemu kubwa ni maji, usianze kuagiza nguo mpya.

Hatua ya 2: Tafuta wenzako, mkubaliane masharti

Peke yangu nilishaanza mara nne. Kila mara nilikuwa naishia siku ya mvua ya kwanza. Kikundi kinasaidia kwa sababu moja isiyo ya kisayansi: unamwonea mwenzako aibu kumwacha kasimama kona ya barabara saa kumi na mbili asubuhi.

Watu watano hadi wanane wanatosha. Wakizidi, hakuna anayejua nani hajaja. Sisi tulichukua utaratibu wa vikoba tuliouzoea: siku maalumu, kibubu na masharti. Kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunakutana kwa fundi, kila mtu anatia elfu moja. Hela za mwanzo zilinunua mizani yetu wenyewe.

Masharti yetu yalikuja baada ya ugomvi, kwa hiyo wewe yachukue bure. Mtu anapima uzito peke yake nyuma ya pazia, kisha anatamka neno moja tu: nimeshuka, nimebaki, au nimepanda. Kilo zake ni siri yake. Aliyepanda hapigwi faini, anayepigwa faini ni aliyekosa kuja bila taarifa. Tulianza kinyume chake, tukawatoza waliopanda, na matokeo yake waliopanda wakaacha kuja, nao ndio tuliowahitaji. Katika kundi la WhatsApp hakuna utani wa miili, hata kama nyie ni watani. Na hakuna kuuziana dawa.

Hilo la dawa lina kisa. Shoga yangu mmoja, kabla hajaingia kwetu, alikunywa chai ya kupunguza tumbo akashuka kilo tatu kwa wiki. Alipolisoma boksi vizuri, kilichokuwemo ni sanamaki, ile ile waliyotumia bibi zetu kusafishia tumbo. Alikuwa anaendesha. Kilo tatu za maji zikarudi ndani ya siku nne, yeye amebaki na kizunguzungu na risiti.

Halafu mjigawe wawili wawili, kila mmoja awe na mwenza wa kuamshana. Wangu ni mama wa genge. Yeye saa kumi alfajiri yuko macho kwa ajili ya kwenda sokoni, kwa hiyo simu yake sina pa kuikwepa.

Hatua ya 3: Wiki nzima tazama tu, usibadilishe kitu

Watu wengi huanza kwa kujinyima. Sisi tulianza kwa kuandika. Kwa siku saba kila kinachoingia mdomoni kiliandikwa kwenye daftari: saa ngapi, nini, kiasi gani, na ulikuwa na njaa au hapana.

Siku ya tatu nilijigundua. Chakula changu cha mezani hakikuwa kikubwa. Kikubwa kilikuwa cha jikoni: kuonja mchuzi mara tano, kumega chapati "iliyopasuka", kumalizia wali kwenye sahani za watoto kwa kuwa kutupa chakula ni dhambi. Ukiviweka pamoja ilikuwa sahani nyingine nzima, iliyoliwa kwa kusimama. Mama wa genge aliona ndizi mbivu na karanga za siku nzima. Fundi akaona soda mbili kila siku, moja ya kwake na moja ya kumsindikiza mteja.

Hatua ya 4: Chupa ya mafuta na kopo la sukari

Ukiniambia nichague hatua moja tu katika mwongozo huu, nachagua hii.

Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, gramu ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, na hakishibishi, wala hukioni kwenye sahani. Sasa fanya hivi: ukifungua chupa mpya ya lita moja, andika tarehe kwenye lebo kwa kalamu ya wino mzito. Ikiisha, hesabu siku. Kwangu tulikuwa watu watano na lita iliisha kwa siku tano. Maana yake kila mtu, na mtoto wa darasa la tatu akiwemo, alikuwa anakula mililita 40 kwa siku, sawa na kalori zaidi ya 300 za mafuta matupu.

Sikubadilisha chakula. Niliacha kumimina kutoka kwenye chupa, nikaanza kupima kwa kijiko: vijiko vitatu kwa sufuria ya mchuzi wa watu watano. Vitunguu vikianza kushika chini, naongeza maji kidogo badala ya mafuta. Mume wangu alikula wiki mbili bila kusema neno, akaja kushtuka alipoona chupa haijaisha. Sasa lita inafika siku ya nane au ya tisa, na bajeti nayo ikapumua.

Kwa wapenzi wa nazi, sisemi muiache, mie mwenyewe siwezi. Lakini samvu au maharage yanaweza kupikwa kwa tui la pili, lile jepesi, kisha ukamalizia kwa vijiko viwili vya kasimele, lile tui zito la kwanza, juu wakati wa kuepua. Ladha inabaki ileile, kwa kuwa ulimi unaonja kilicho juu.

Sukari ni hesabu nyepesi zaidi. Kijiko cha chai ni gramu 4. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni gramu 36, kalori kama 145. Kwa mwezi inapita kalori 4,000, na kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Yaani chai peke yake inaweza kukuwekea nusu kilo kwa mwezi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita. Soda ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50. Imeshakula sukari ya siku mbili kabla hujanywa chai.

Usiache sukari kwa siku moja, utakasirikia watu wasio na kosa. Punguza nusu kijiko kila wiki. Tangawizi, mdalasini na iliki zitakusaidia kudanganya ulimi. Mwezi wa tatu ukipewa chai ya wageni utaiona kama sharubati.

Hatua ya 5: Sahani, na mwendo wa kula

Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, kabichi, bamia, kachumbari. Robo iwe maharage, samaki, dagaa, kuku au mayai. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali au ndizi. Wengi wetu tunapakua kinyume, ugali mlima na mboga ya kuchovya. Ugali hauna kosa, tatizo ni ule mlima. Ukubwa wa ngumi yako kwa mlo unatosha, ukiwa na mboga ya kutosha pembeni.

Kisha kaa. Tumbo huchukua kama dakika 20 kuupelekea ubongo habari kwamba limeshiba, na mimi nilikuwa namaliza sahani kwa dakika saba, macho kwenye tamthilia. Zima televisheni, simu weka chumba kingine. Finyanga tonge la ukubwa wa kidole gumba, siyo la ukubwa wa yai. Tafuna hadi liishe, ndipo ufinyange lingine. Sahani ikifika nusu, ondoa mkono, kunywa maji, jiulize: bado nina njaa, au bado ni tamu tu? Siku za mwanzo utajiona mjinga kwa kuongea na sahani. Endelea tu.

Wanaokula kwenye sinia wana kazi zaidi, kwa sababu huoni umekula kiasi gani, na mkono unafuata mwendo wa mwenye kasi kuliko wote. Wifi yangu kwao ni watu wa Tanga, sinia haliepukiki. Yeye hujikatia upande wake mapema, anachora mpaka kwa vidole kwenye wali, akiufikia anaacha mkono na kubaki na maongezi.

Kutofautisha njaa na hamu kuna kipimo chake cha kienyeji. Njaa inakubali hata kiporo cha maharage. Hamu inataka chipsi mayai peke yake, tena za kwa yule wa kona. Ukijikuta unakataa kiporo, kunywa maji, subiri robo saa. Na usilale njaa wala usiruke mlo wa mchana ukidhani umeokoa kitu, jioni utalipa kwa riba.

Hatua ya 6: Miguu

Kwanza ukweli. Kutembea haraka kwa nusu saa, mtu wa kilo 80 anatumia kama kalori 150. Chapati moja nene ya mafuta inaweza kuwa na 250 hadi 300. Chapati moja basi inakula matembezi ya saa nzima. Ndiyo maana chakula kimetangulia kwenye mwongozo huu. Mazoezi yana kazi nyingine: yanalinda misuli isipungue pamoja na mafuta, yanashusha presha na sukari, yanaleta usingizi, na zaidi ya yote yanazuia kilo zilizoondoka zisirudi.

Kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani. Nusu saa, siku tano, umefika. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba. Wiki mbili za kwanza tembea tu dakika 10 au 15. Vile vikundi vinavyopita Jumapili alfajiri vikikimbia na kuimba ni vizuri, lakini ukiwa na kilo 90 na magoti yanayolia, usijiunge leo, utaugulia wiki nzima. Kushuka daladala kituo kimoja kabla ya chako ni mazoezi pia.

Mara mbili kwa wiki ongeza kazi ya misuli, hapo uani. Kaa kwenye stuli na kuinuka bila kushika kitu, mara kumi. Sukuma ukuta kwa mikono, mara kumi. Chukua ndoo mbili ndogo zenye maji lita tano kila moja, zitembeze uani na kurudi. Rudia yote mara tatu. Siku fundi alipoweza kuinuka mara 30 mfululizo alifunga kiwanda mapema, akaenda kumwonyesha mkewe.

Mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Sisi siku hiyo tunapanda daladala asubuhi na mapema kwenda kutembea Daraja la Tanzanite, ambalo lina urefu wa zaidi kidogo ya kilomita moja. Kwenda na kurudi mara mbili na upepo wa bahari, tunarudi nyumbani kabla jua halijawa kali. Sharti la siku hiyo: hakuna kupitia mishikaki.

Hatua ya 7: Shughuli, futari na maneno ya watu

Kwenye harusi usiende na njaa. Kula matunda au yai nyumbani. Ukifika mezani, chagua mfalme mmoja: kama ni pilau, basi ndizi na chapati zisikufuate. Anza na kachumbari, nyama chukua, soda moja inatosha, baada ya hapo maji. Mpakuaji akikuongezea, mshukuru na umpe jirani.

Mwezi wa Ramadhani watu hunenepa wakiwa wamefunga, na siri iko kwenye futari. Kaimati, tambi za sukari, sambusa, magimbi ya nazi na uji mtamu vikikutana saa moja usiku, mchana wote umelipwa. Fungua kwa tende na maji, swali, kisha urudi kula taratibu kitu kimoja cha wanga pamoja na supu au samaki. Matembezi tunayahamishia baada ya tarawehe.

Gumu kuliko vyote ni maneno. Kwetu mtu akinenepa amependeza, akipungua anaumwa. Nilipofika kilo 82 niliulizwa na watu wasiopungua wanne kama nimepima. Mama mkwe alimvuta mume wangu pembeni amuulize kama ananilisha. Hapa ndipo wengi huacha. Andaa jibu mapema, fupi, uliseme ukicheka. La kwangu ni "Naumwa mazoezi, shoga, njoo Jumamosi." Wawili kati ya wale wanne walikuja kweli, wakaanzisha kikundi chao mtaa wa pili.

Hatua ya 8: Mizani ikigoma

Itagoma. Mimi niligoma kwenye 83 kwa wiki saba. Mwili mdogo unahitaji chakula kidogo kuliko ule mkubwa, kwa hiyo kile kilichokushusha mwanzo sasa kinakutosha tu kubaki ulipo. Kwa wanawake maji ya siku za hedhi nayo hupandisha mizani kilo moja au mbili bila mafuta kuongezeka, ndiyo maana linganisha mwezi kwa mwezi.

Rudi kwenye daftari kwa wiki moja. Mara nyingi utakuta kijiko cha tatu cha sukari kimerudi kimyakimya, au chupa ya mafuta imeanza tena kuisha siku ya sita. Angalia na usingizi: anayepata usingizi wa saa tano tu kwa usiku huamka na hamu ya vitumbua. Kama hayo yote yako sawa, ongeza dakika 10 za kutembea na upime kiuno. Katika zile wiki zangu saba kilo hazikusogea, lakini futi ilishuka sentimita tatu.

Ukifika ulipopataka, endelea kupima mara moja kwa mwezi. Ukipanda kilo mbili, rudi hatua ya 3 wiki hiyo hiyo, usisubiri zifike tano. Nguo usizipeleke kupunguzwa kabla ya miezi mitatu ya kutulia. Fundi wetu mimi kanipunguzia magauni sita, na mishono yote kaikunjia ndani, hakukata hata sentimita moja ya kitambaa. Nilipomuuliza kwa nini, akasema kitenge ni ghali na yeye ananijua.